Naombeni ushauri: "hang up" naifundishaje ieleweke?

Habarini za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha pili na nimekwama kwenye "hang up". Watoto wanajua "hang" ni kutundika na "up" ni juu, sasa ikija maana ya kukata simu wanabaki wananiangalia tu. Nikawaeleza asili yake, kwamba simu za zamani za ukutani zilikuwa na kipande cha kusikilizia kinachoning'inia kwenye ndoano ubavuni, ukimaliza kuongea unakirudisha pale, uzito wake unashusha ndoano na laini inakatika, ndo maana neno limebaki mpaka leo tunapogusa kioo tu. Nikachora ubaoni, hapo wakaelewa vizuri.

Shida ikaja kwenye "on". "She hung up on me" nikawaambia ni kama kwetu, kukata simu na kukatia mtu simu, yaani kanikatia na mi bado naongea, wakafurahi kweli. Kesho yake wakakutana na "he is hung up on her" wakatafsiri kwamba kamkatia simu, kumbe hapo ni mtu ameshindwa kabisa kumtoa mwenzie akilini. Nimejaribu mifano, nimewaigizisha, bado wanachanganya.

Hizo maana mbili mnazitenganishaje darasani bila kuwajazia sarufi? Na je, nizifundishe pamoja au hiyo ya pili niiache kwanza mpaka wafike kidato cha tatu?