Tupeane uzoefu: ulijipimaje kabla ya kuomba chuo?

Dada wa Ipuli: Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita hapa Tabora, PCB (fizikia, kemia, baiolojia). Nikimuuliza anataka kusoma nini ananijibu, "Chochote kitakachonikubali." Dirisha la udahili likifunguliwa itakuwa mbio. Nyie mlijuaje mnachokiweza?

Binti Kibirizi: Umenigusa. Mimi niliombewa chuo stesheneri, pale Mwanga, Kigoma, mjomba kasimama nyuma yangu. Kijana wa kompyuta akauliza, "Kozi gani?" Sijafungua mdomo mjomba kadakia, "Ualimu, ndiko kwenye ajira." Nimesoma EGM (uchumi, jiografia, hisabati), na toka niko msingi mimi ndiye niliyeshika daftari la dagaa la mama: nani kachukua ndoo ngapi kwa mkopo, nani kalipa nusu. Kijana anataka kubonyeza, nikamshika mkono. "Weka uhasibu." Mjomba akakwapua hela ya maombi mezani, akaondoka. Nikabaki nalia, foleni nzima inanitazama. Mama akapigiwa simu mwaloni, akaja na noti zimelowa, magamba yameng'ang'ania. Kijana akazipangusa moja moja, akaendelea kujaza.

Mama Wawili: Nimelia mwenzenu.

Mzee Urambo: Mjomba hana kosa. Mtoto anajua nini kuhusu ajira?

Binti Kibirizi: Shikamoo mzee. Ajira alikuwa anaijua, mimi alikuwa hanijui.

Mzee Urambo: Marahaba. Bado ungemsikiliza kwanza.

Msukuma Gari: Turudi kwa dogo. Aanze na alama. Shahada inataka angalau prinsipo mbili (masomo mawili uliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, A ni 5, E ni 1, na kila kozi ina masharti yake juu ya hapo. Asome mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mwenyewe, asisomewe.

Mama Wawili: Alama baadaye! Kama anawaza udaktari, aombe ruhusa akashinde hospitali ya Kitete, aone damu na usingizi wa zamu.

Kijana wa Mizinga: Au mpe mizinga miwili 😂 Asipokimbia, chuo cha nyuki kiko hapa hapa Tabora. Cha reli kipo, cha ardhi kipo. Kwani lazima Dar?

Msukuma Gari: Akae nyumbani tena? Aende mbali akakomae.

Mama Wawili: Chumba utamlipia wewe? Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wanaosajili vizazi na vifo, mapema, Bodi ya Mikopo wanakitaka.

Dada wa Ipuli: Nimemsomea yote. Habari ya damu kakunja uso, ila kasema shuleni alikuwa anabaki maabara wenzake wakienda kula. Kuna aliyesoma maabara ya hospitali humu? Zamu zake zikoje?