Kumtolea kaka figo: mjomba anasema mwili ni amana

BintiPangani
Assalaam alaykum. Kaka yangu ana miaka 34. Huu mwaka wa pili anasafishwa damu, mara tatu kwa wiki, masaa manne kila akilala pale kwenye mashine. Ukimgusa mkono pale walipounganisha mishipa, unasikia damu inanguruma chini ya vidole. Maji anapimiwa. Juzi nilimkuta anamung'unya kipande cha barafu, kafumba macho.

Vipimo vinaonyesha figo yangu inamfaa. Mimi niko tayari, mume wangu karidhia. Mjomba ndiye kanisimamisha: mwili si wako, ni amana, utaulizwa. Mama kanyamaza tu, sote ni wanawe. Sitaki kuingia chumba cha upasuaji nina shaka mbele ya Mola wangu. Mwenye elimu anisaidie.

Abuu Nasri
Wa alaykum salaam dada yangu, Allah amponye kaka. Mjomba kasema kweli, ni amana, ndiyo maana kiungo hakiuzwi. Ila baraza la fiqhi, yaani sheria za dini, la OIC, ile jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikaa Jiddah mwaka 1988, likaruhusu aliye hai kumtolea mwenzake kiungo ambacho uhai wake mwenyewe haukitegemei. Moyo, hapana. Figo ziko mbili. Masharti: utoe kwa hiari, una akili timamu, bila malipo, na madaktari wathibitishe kwamba hutadhurika kwa kiasi cha kuvuruga maisha yako. Hilo la mwisho lisimamie hasa. Kisha msomee mjomba Maida aya ya 32, kwamba mwenye kuokoa nafsi moja ni kama kawaokoa watu wote.

Mwanakheri
Na ile hadithi ya kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai?

Abuu Nasri
Hiyo inakataza kumvunjia maiti heshima yake. Huyu dada yu hai na anatoa mwenyewe.

Baba Rayyan
Nilimtolea mke wangu. Kabla ya upasuaji daktari aliwatoa nje ndugu wote, akaniuliza: kuna mtu kakulazimisha? Nikalia pale pale. Kovu ninalo, kliniki nahudhuria, Ramadhani nafunga kwa ruhusa ya daktari. Madaktari wakikwambia hufai, dada, usiwabishie.

BintiPangani
Allah awalipe kheri. Aya nimeshamsomea mjomba, hakujibu. Nimemwomba Jumanne twende naye kwenye mashine, aushike ule mkono. Kasema atakuja.