Binti yangu amekatazwa ngano maisha yake yote: wenzangu wa Tanga mnaishije na hali hii?

Mama wa Makorora aliuliza:

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote mnaosoma hapa.

Binti yangu ana umri wa miaka 11. Kwa muda mrefu alisumbuliwa na tumbo kujaa na kuharisha mara kwa mara, na damu yake ilikuwa haipandi hata alipomaliza dawa za kuongeza damu alizoandikiwa. Tulimtibu minyoo, tukampima malaria na homa ya matumbo, na wapo waliotushauri tumtafutie mganga. Mwishowe tulielekezwa Dar es Salaam, akapimwa damu, kisha akafanyiwa kipimo cha kamera tumboni na kutolewa vipande vidogo vya utumbo vya kuchunguzwa, ndipo madaktari wakatueleza kwamba ana ugonjwa wa siliaki. Wametuambia kwamba kila anapokula gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika nafaka za ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe, na kwamba tiba yake ni kuviacha vyakula hivyo kabisa, siku zote.

Namshukuru Mungu kwamba ugonjwa umejulikana. Hata hivyo, nyumbani kwetu asubuhi ni chai kwa maandazi au chapati, na jioni watoto wakitoka madrasa hupita kwa jirani anayekaanga sambusa. Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na ninamheshimu, anaona kwamba ninamnyima mtoto chakula kwa ajili ya maneno ya hospitali, na ninapokuwa sokoni humpa kipande cha mkate. Binti mwenyewe ameanza kukataa kwenda harusini na kwenye maulidi kwa sababu hataki kuulizwa mbele za watu kwa nini hali.

Nilipewa karatasi ya vyakula vinavyofaa, lakini vingi vilivyotajwa humo sijawahi kuviona katika soko la Mgandini. Ninaomba kusikia kutoka kwa mtu ambaye yeye mwenyewe, au mtoto wake, anaishi na hali hii hapa kwetu pwani: asubuhi mnakula nini, mnaendaje kwenye shughuli, na mliwaelezaje wazee wenu wakakubali? Sijapata kukutana na mtu mwingine hata mmoja mwenye ugonjwa huu, na upweke huo unanichosha kuliko mapishi yenyewe.

Bibi wa Raskazone alijibu:

Waalaykumu salaam, mwanangu. Pole sana, na umwambie mjukuu wangu kwamba bibi yake wa Raskazone hagusi ngano tangu alipokuwa bado anafundisha shule, na harusini anakwenda.

Karatasi hiyo iweke kabatini kwanza. Karatasi za namna hiyo huandikwa kwa ajili ya watu ambao chakula chao kikuu ni mkate, kwa hiyo zinawatafutia mkate mwingine wa kufidia. Wewe ukiutazama upishi wetu utaona kwamba wali wa nazi, bada (ugali wa muhogo) kwa samaki, ugali wa mahindi au wa mtama, mihogo na ndizi mbichi za nazi, viazi vitamu, magimbi, kunde, mbaazi, choroko na maharage, vyote hivyo havina gluteni tangu asili yake. Ngano kwetu imekaa hasa kwenye chai ya asubuhi na kwenye karai la jioni, na hapo ndipo pa kuelekeza nguvu zako.

Kwa asubuhi, rudi kwenye mkate wa kumimina. Loweka mchele usiku, uusage pamoja na tui zito la nazi, iliki, sukari na hamira, uuache uumuke, kisha umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta na uupike moto chini na moto juu ya kifuniko. Hauhitaji chembe ya ngano, na katika nyumba nyingi unapendwa kuliko maandazi, kwa hiyo familia nzima italeta mkono sahani moja na mtoto hatakuwa na chakula chake peke yake. Vitumbua navyo ni vya mchele, lakini vya kununua lazima uulize, kwa kuwa wapo wanaochanganya unga wa ngano ili vishikane na mchele usitumike mwingi. Siku nyingine mpe mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu au uji wa mchele wa nazi. Chapati pia inawezekana: unasonga unga wa mchele kwa maji yanayochemka na chumvi, unaukanda ungali na joto, unasukuma na kuchoma. Haichambuki kama ya ngano na huvunjika ikipoa, kwa hiyo iliwe moto.

Karai la jioni ndilo lenye mtego zaidi. Bajia za kunde zenyewe hazina ubaya, lakini zikikaangwa katika mafuta yaliyokaangiwa sambusa na maandazi zimekwisha kuingia ngano, na chipsi ni vivyo hivyo. Zungumza na jirani yako. Kama ni mtu mwelewa, mwombe aanze na bajia za binti mafuta yakiwa mapya, kabla hajatia kitu kingine. Urojo mara nyingi hutiwa unga wa ngano ili uwe mzito. Kababu na katlesi huchanganywa au huvingirishwa chenga za mkate, tambi na suji ni ngano tupu, na sosi ya soya nyingi hutengenezwa kwa ngano. Kwa halua, muulize mpishi ametumia wanga wa nini.

Ndani ya nyumba mnunulie chekeche lake, mwiko wake wa mbao na ubao wake wa kusukumia, kwa sababu unga hujificha katika nyuzi na nyufa, hata ukiosha vipi. Sufuria za bati na vyombo vya udongo vilivyopakwa kioo vinaoshwa vikatakata.

Kuhusu shughuli, nitakuambia ninavyofanya mimi. Simu naipiga mapema kwa mwenye shughuli au kwa kiongozi wa wapishi, namweleza kwamba ngano inaniumiza, na naomba nipakuliwe pilau yangu kutoka sufuriani kabla haijawekwa kwenye masinia, kwa kuwa kwenye sinia la pamoja mkono uliotoka kushika chapati au sambusa ndio unaoingia kwenye wali. Sijawahi kukataliwa. Watu wa Tanga huona aibu mgeni akitoka na njaa, na ukimweleza mwenyeji mapema unampa nafasi ya kukukirimu; ukikaa kimya kisha ukasukuma sahani mbele za watu, hapo ndipo anapovunjika moyo. Mfundishe binti aseme sentensi moja fupi, "ngano inaniumiza tumbo, ila pilau naila," kisha aendelee na mazungumzo mengine.

Muuguzi Mstaafu, Muheza, alijibu:

Habari yako, dada. Bibi wa Raskazone amelimaliza la jikoni, kwa hiyo nitagusa yale niliyoyafanyia kazi.

La kwanza ni wadogo zake na kaka zake, na ninyi wazazi. Ugonjwa huu hufuata damu. Duniani kwa jumla unakadiriwa kumpata mtu 1 katika kila 100, lakini kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa ni kama 1 katika 10, hata asiyeharisha kamwe, kwa sababu wengine huonyesha upungufu wa damu tu, au kudumaa, au mifupa dhaifu. Ombeni wapimwe damu. Tafadhali wasiachishwe ngano kabla ya kipimo, maana kipimo hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu akiacha gluteni, na jibu linaweza kuwa safi hali ugonjwa upo. Mara nyingi jamaa kwa huruma huacha ngano nyumba nzima siku ile ile, na baadaye inakuwa shida kujua nani mgonjwa na nani mzima.

La pili ni damu ya binti. Utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula; siliaki huvisawazisha, na madini ya chuma yanapita bila kuingia mwilini. Ndiyo maana dawa za damu hazikuonekana kusaidia. Akiacha gluteni kabisa vitaota tena, na watoto hupona haraka kuliko watu wazima. Lipo jambo ambalo halisemwi mara nyingi: unga wa ngano wa viwandani hapa nchini huongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa mujibu wa kanuni zilizotungwa mwaka 2011, hivyo mtoto anayehama kutoka mkate kwenda kwenye muhogo na mchele mtupu anapoteza nyongeza hiyo. Mfidie kwa dagaa, maini, kunde, mchicha na kisamvu, na baada ya chakula mpe chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Machungwa huku kwetu Muheza si ya kutafuta. Chai isiandamane na chakula, maana huzuia chuma, basi inywewe baadaye. Kama maziwa yanamsumbua sasa, usishangae, mara nyingi ni kwa muda tu mpaka utumbo upone. Na muhogo uwe umeandaliwa vizuri, hasa ule mchungu, ambao lazima uloweshwe na kukaushwa ipasavyo ili sumu yake itoke.

Kuhusu mama mkwe: najua uchungu wake, kwa sababu bibi humpenda mjukuu kwa kumlisha. Lakini kipande kidogo cha mkate kila siku kinatosha kuuzuia utumbo usipone, hata kama mtoto haumwi papo hapo, na hilo ndilo analopaswa kulisikia kutoka kwa mtu wa afya badala ya kutoka kwa mkaza mwana. Nenda naye kliniki siku ya marudio, umwache aulize mwenyewe. Akisema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, mweleze kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 uliwakuta watoto Wasahrawi wa Sahara Magharibi, Waafrika na Waislamu kama sisi, wanaugua zaidi ya 5 katika kila 100, kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya. Na akidhani ni uzushi wa juzi, yupo daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliyeona katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 kwamba mkate ulipokosekana watoto wenye ugonjwa huu walipata nafuu, na uliporudi wakaugua tena.

Kijana wa Chumbageni alijibu:

Shikamoo mama, shikamooni wote. Mimi niligunduliwa nikiwa chuoni na ninaishi peke yangu, kwa hiyo nakula nje zaidi ya nyumbani. Kinachonisaidia ni kuwa na wapishi wachache wanaonijua kwa sura. Mama ntilie mmoja nikifika tu hunipakulia wali, maharage na samaki wa mchuzi, na samaki wa kukaanga hunieleza kama leo amepakwa unga au la. Mahali nisipojulikana nanunua mishikaki isiyotiwa viungo vya pakiti, ndizi za kuchoma na mahindi ya kuchoma.

Naongeza kwa ajili ya wasomaji Wakristo: hostia, ule mkate mwembamba wa komunyo, ni ngano. Sisi Wakatoliki hatuwezi kutumia hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini inaruhusiwa yenye gluteni kidogo mno, au kupokea divai peke yake. Nilizungumza na paroko, nami hupewa kikombe changu ambacho hakikutiwa kipande cha hostia. Hakuna anayenitazama.

Kuhusu binti, kama mtaridhia, ningependa aongee na mdogo wangu wa kike wa darasa la saba ambaye naye alipimwa akakutwa na siliaki. Watoto huambiana mambo ambayo sisi wakubwa hatuyapati.

Mama wa Makorora aliandika tena:

Nimesoma kila jibu, na mengine nimemsomea mama mkwe kwa sauti. Ameuliza mengi kuhusu hao watoto wa Sahara Magharibi, na amekubali kwenda nami kliniki. Mkate wa kumimina anasema ataupika yeye, kwa kuwa mimi sijui kuupalilia moto wa juu, na ninamwachia kwa moyo wote. Kijana wa Chumbageni, nimekuandikia faraghani. Binti amefurahi sana kusikia yupo mwenziwe.

Nina swali moja lililobaki. Unga wa lishe unaouzwa tayari, je, naweza kumpikia uji? Na kama ni kusagisha mwenyewe, mashine ya mtaani kwetu inasaga kila kitu.

Bibi wa Raskazone alijibu:

Unga wa lishe wa kununua usimpe mpaka ujue kila kilichomo, kwa sababu mchanganyiko mwingi una ngano, na mwingine hauna maandishi yoyote. Changanya wako: ulezi, mchele, mtama ukipenda, na karanga ukazisage peke yake nyumbani.

Mashine ni kweli ina hatari, maana ngano iliyosagwa jana hubaki ndani ya kinu na kwenye mfuko wa kutolea. Mimi nina mapatano na msagaji wangu: nafika asubuhi mashine haijawashwa, anakung'uta mfuko na kufagia, kisha tunatanguliza mchele kidogo usagwe kwanza, na unga huo wa mwanzo nautenga kwa ajili ya wengine wasio na shida. Ndipo nafaka yangu inaingia. Ninamwongezea kidogo kwa usumbufu wake. Kama msagaji wako hataki, kinu na mchi vitakutosha kwa mtoto mmoja, na mchele uliolowekwa hutwangika bila taabu.

Jumamosi ijayo nakwenda kusagisha ulezi. Leta wako tusage pamoja, na mje na bibi yake. Mahali na saa nitakuandikia faraghani.