Mgeni anataka kuvua kwa flai bwawani Muheza, nimwongozeje?

Kijana wa Muheza
Wakuu salama? Mimi huwa natembeza wageni Amani na Pangani, sasa kuna Mmarekani anakuja mwezi wa 8 anasema kwao anavua samaki wanaoitwa besi kwa flai, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, kwenye mabwawa madogo ya maji baridi, anataka nimpeleke siku mbili huku huku Tanga. Bwawa ninalo, la shamba la mkonge, na meneja kashanikubalia. Ila mimi najua mshipi wa mkono wa baharini tu, hiyo flai sijawahi hata kuishika. Na besi huku wapo kweli? Sitaki kuchukua hela ya mtu kwa kitu ambacho sina.

Mzee wa Ndoano
Mdogo wangu besi usimwahidi kabisa. Kwao ni Marekani, hapa jirani walipandikizwa ziwa Naivasha kule Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na huko ndiko nilikojifunza kuongoza wageni. Bwawa kama lako tarajia perege na kambare, mwambie leo kabla hajakata tiketi. Perege anakamata flai ndogo vizuri tu, na dume lake linachimba kishimo cha duara karibu na ukingo linakaa linalinda, besi dume naye analinda kiota hivyo hivyo, kwa hiyo mgeni wako macho anayo tayari.

Kazi yako kubwa ni kumsimamisha mahali pazuri. Flai yenyewe haina uzito, kinachoruka ni ule mshipi mnene, na kabla haujaenda mbele lazima unyooke nyuma yake, sasa nyuma kukiwa na mikonge siku nzima mtakuwa mnachomoa ndoano kwenye miiba. Nenda jana yake na panga ufyeke. Kama anarusha kwa mkono wa kulia mweke upande wa mashariki wa bwawa aangalie magharibi, upepo wa kusi utamjia kushoto na ndoano haitapita usoni kwake. Ila asubuhi jua litakuwa mgongoni, kivuli kinaangukia majini samaki wanakimbia, basi mwambie ainame na asisogee ukingoni. Muwe mmefika saa kumi na mbili, maji bado yametulia.

Dada Bagamoyo
Naongezea usalama maana hapo ndipo tunapoumizana. Sisi huku na mto wetu wa Ruvu mamba tunawajua, uliza wanaochota maji hapo, wao ndio wanajua kilichomo. Mgeni asiingie majini, maji yaliyotuama yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho. Halafu vile vijino vya ndoano vibonyeze vyote kwa plaizi. Mimi mwaka jana mgeni alirusha nyuma ikanishika begani, ilikuwa imebonyezwa ikatoka kwa kuivuta tu, isingekuwa hivyo ningeenda kupasuliwa. Na watoto watakuja kuangalia, hawakosi, wakalishe pembeni mbali, na wewe usiwape mgongo.

Kijana wa Muheza
Asanteni sana, nimeshamwandikia kuhusu besi kasema perege sawa, anakuja. Anataka kuwarudisha wote majini, meneja kauliza kwa nini tusiwale.

Mzee wa Ndoano
Madume makubwa mwombe mgeni amwachie meneja mawili matatu. Majike yarudi, yanabeba mayai na vifaranga mdomoni. Wakati huo hayali sana, utayapata mara chache, lakini likinasa litatema, kwa hiyo lowesha mikono kwanza na ulichomolee ndoano humo humo majini.