Mrejesho: Moshi katika jiko la mama

Miezi mitatu iliyopita niliuliza namna ya kupunguza moshi katika jiko la mama yangu huko Lushoto, ambako anapika kwa kuni kwenye mafiga matatu, ndani ya chumba chenye dirisha moja dogo linalofungwa kwa sababu ya baridi. Nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu.

Tulianza kwa kutoboa matundu mawili: moja chini, karibu na mlango, la kuingizia hewa safi, na jingine upande wa pili, chini kidogo ya paa, la kutolea moshi, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Moshi ulipungua lakini haukuisha. Ndipo fundi akajenga jiko la udongo lenye dohani. Mwanzoni aliikomesha chini ya kilele cha paa, upepo ukawa unaurudisha moshi ndani, hadi alipoongeza bomba likapita kilele. Sasa mama anasonga ugali bila kufuta macho kwa pindo la kanga.

Lililonigusa zaidi ni onyo kuhusu jiko la mkaa, ambalo mama alikuwa akiliingiza chumbani usiku ili aote moto. Sikujua kwamba mkaa uliokolea, hata usipotoa moshi wowote, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Nilimweleza, akanisikiliza kimya, na tangu siku hiyo jiko hulala nje; nimemnunulia blanketi la pili. Kikohozi chake cha asubuhi bado kipo, kwa hiyo wiki ijayo nitampeleka hospitali akapimwe kifua.