Re: [Nyanda za Juu – Ulaya] Mchango wa bomba la Makete: tuupitishie wapi?

Kutoka: Mkinga wa Villeurbanne

Kamwene ndugu zangu wote. Ule mchango wa bomba la kijijini kwetu Makete umefika pazuri, ila hautoshi kushusha maji kutoka kwenye chanzo hadi zahanati na shule. Kwenye kikao cha Jumapili mwenzetu mmoja alisema Ufaransa kuna sheria inayoruhusu manispaa kutoa hela za maji kwa nchi za nje, na kwamba kuna mtandao wa wadau unaozigawa. Nani anajua mlango uko wapi? Na je, ni lazima tuwe na chama kilichosajiliwa? Kwa sasa sisi ni grupu la WhatsApp na mtunza hazina wa kuaminiana tu.

Kutoka: Dada wa Strasbourg

Kaka, sheria ipo, lakini mtandao haugawi hela. Wengi wetu tunakwama hapo hapo: tunaandika barua ya kuomba, tunajibiwa kwa upole kwamba karibu tuzungumze, tunaona tumezungushwa.

Sheria ni ya Februari 2005, wenyewe wanaiita Oudin-Santini, kwa majina ya seneta na mbunge walioisimamia. Inaruhusu manispaa, miungano yao ya maji na zile wakala sita za maji za mabonde ya mito kutenga hadi asilimia 1 ya bajeti ya maji na majitaka kwa miradi ya nje. Inaruhusu, hailazimishi. Halmashauri moja inatoa, jirani yake haijawahi kutoa hata senti.

Chukua bili yako ya maji uisome upande wenye mchanganuo. Utakuta mafungu matatu: usambazaji wa maji, majitaka, na la tatu limeandikwa "Organismes publics". Humo ndimo zinamopita tozo za wakala wa bonde lako. Wewe uko Rhône Méditerranée Corse, mimi niko Rhin-Meuse. Kwa hiyo unapoenda kumwona diwani usiende kinyonge, nenda kama mlipa bili. Tena huko kwenu Métropole de Lyon, yaani mamlaka ya jiji la Lyon na miji jirani kama Villeurbanne, ina mfuko wake wa mshikamano wa maji unaoendeshwa pamoja na wakala huyo. Uliza kwanza kama Tanzania imo kwenye nchi wanazopokea kwa awamu hii, usije ukaandika kurasa arobaini bure.

Mtandao mliousikia bila shaka ni pS-Eau, yaani Programme Solidarité Eau. Upo tangu 1984, una ofisi Paris na nyingine hapo hapo Lyon. Wanaokutana humo ni wizara, shirika la maendeleo la Ufaransa (AFD), wakala za maji, manispaa, asasi, watafiti, na vyama vya wahamiaji kama sisi. Wenzetu wa Mali na Senegal wameuzoea mlango huo kuliko sisi wa Afrika Mashariki. Watakushauri bure, watakusomea andiko, watakwambia manispaa ipi inaweza kukusikiliza. Mwenye fungu ni mwingine.

Msiuchanganye na Partenariat français pour l'eau wa 2007. Kule serikali, makampuni, asasi na watafiti wanakaa kupanga kauli moja ya Ufaransa kabla ya mikutano mikubwa, kama lile Jukwaa la Maji la Dunia la Dakar 2022 au mkutano wa Umoja wa Mataifa wa New York, Machi 2023. Ni kazi ya maana, sikatai, lakini ukipeleka andiko la bomba la Makete utanywa kahawa na kurudi nyumbani.

Usajili: ndiyo, lazima. Huko Lyon ni chama cha sheria ya 1901, watu wawili wanatosha. Sisi wa Alsace tuna sheria yetu ya enzi za Mjerumani, inataka waanzilishi saba. Kupata Wanyakyusa saba wanaokubaliana ndani ya Strasbourg ni mradi unaojitegemea, nao unahitaji mfadhili.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii. Sijasikia mtu akiuliza kipenyo cha bomba kabla ya kuuliza nani atakusanya hela ya maji kijijini. Swali la pili huwa vyoo vya shule. Jiandaeni kwa yote mawili.

Kutoka: Kijana wa Den Haag

Naongezea kidogo ya huku. Uholanzi kuna Netherlands Water Partnership tangu 1999, Uswisi kuna Swiss Water Partnership tangu 2012. Huu wa kwetu umejaa makampuni, wahandisi na vyuo, wanauza utaalamu wao nje kama timu moja ya taifa. Kimradi cha kijiji kimoja hakina pa kukaa humo. Uswisi afadhali, kuna Solidarit'eau Suisse inayounganisha halmashauri za kule na miradi ya maji ya nje. Kwa mchango wenu, fuateni njia ya dada.

Kutoka: Mzee wa Tukuyu

Wanangu, marahaba. Nimesharudi nyumbani, nawasoma kutokea huku.

Hayo ya Ulaya ni mazuri, lakini kijiji hakipokei bomba hivi hivi. Tangu sheria Na. 5 ya 2019, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na uendeshaji uko kwa jumuiya ya watumia maji iliyosajiliwa. Anzeni kwa meneja wa RUWASA wa wilaya, mkiwa na barua ya serikali ya kijiji. Pengine kijiji chenu kimo kwenye mpango wao tayari, basi hela yenu iongezee pale isishindane. Halafu kibali cha kutumia maji. Makete imekaa mgongoni: chanzo kikimwaga upande wa mto Ruaha, ofisi yenu ni Bonde la Rufiji pale Iringa, kikimwaga upande wa mto Rumakali, ni Bonde la Ziwa Nyasa, huku kwetu Tukuyu. Ulizeni kabla ya kupanda basi.

Na msidhani ni Wafaransa tu wanaochangia maji bila kujua. Hapa kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 50 za Mfuko wa Taifa wa Maji.

Juzi nilipanda kuangalia mradi mmoja wa mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu, sitautaja. Tenki zuri, lina bango la marumaru la wafadhili. Kule kwenye banio, pale maji yanapoingia bombani, chujio limeziba kwa mchanga na majani ya mianzi. Kijana mwenye ufunguo wa chemba yuko Mbeya anaendesha bodaboda, maana posho yake ilikatika. Vilula vitatu vya kuchotea maji nilivyovipita, koki zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Akina mama wakaniambia walikuwa tayari kulipa kwa ndoo, ila aliyekuwa anapokea hakuwa na risiti, wakaacha. Kwa hiyo hao Wazungu wakiuliza nani atakusanya, msiwaone wakorofi.

Kutoka: Mkinga wa Villeurbanne

Shikamoo mzee. Ndaga fijo, nimejifunza na salamu za kwenu. Chanzo chetu kinamwaga upande wa Ruaha, kwa hiyo ni Iringa. Wiki hii nawapigia pS-Eau hapa Lyon.

Dada, hilo la vyoo linanipa shida. Wanakijiji waliomba maji, na waliochanga walichangia maji. Nikisema sehemu inaenda kwenye vyoo, grupu litawaka moto.

Kutoka: Dada wa Strasbourg

Usiguse mchango. Hela za watu zibaki kwenye bomba kama zilivyoahidiwa, iwe ndiyo sehemu yenu mnayokuja nayo mezani. Vyoo vya shule na mafunzo ya jumuiya viweke kwenye fungu mnaloomba manispaa. Wao wanapenda kuona mmeshaweka chenu, na grupu halitakuwa na neno.

Barua ya kijiji iandikwe na mtendaji, igongwe muhuri, itaje jina la chanzo na la jumuiya. Muiskani kurasa zote. Picha ya simu yenye kidole pembeni msiitume.