Barabara ya Tanzam: walijenga Wachina au Wamarekani?

Binti wa Mlowo

Wakuu, shikamooni. Naomba mnitoe kwenye ubishi. Nimekulia Mlowo, kando kabisa ya barabara kuu ya Dar–Tunduma. Babu yangu anaiita Tanzam na anasema ilijengwa kwa fedha za Wamarekani. Mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha kwamba Tanzania na Zambia zilijengewa njia na Wachina. Nani yuko sahihi? Halafu kuna jambo jingine linanisumbua kila tukisafiri: kwa nini basi linapita chini Ipogolo na kuuacha mji wa Iringa kule juu kilimani? Mwezi ujao naenda chuo Dar. Safari hii nataka kuijua njia, si kulala hadi Mbezi.

Mzee wa Ilula

Marahaba binti, na hongera kwa kupata chuo. Babu yako yuko sahihi kuhusu barabara. Mwalimu wako naye ana lake: Wachina walijenga reli, TAZARA. Ni vitu viwili tofauti, ila vilizaliwa na shida moja.

Shida yenyewe ni hii. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, uhuru wa wachache. Zambia ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate bendera yake, na karibu kila kitu chake, mafuta yanayoingia na shaba inayotoka, kilipita Rhodesia. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakakatika. Rais wa Zambia, Kaunda, angeweza kumpigia Smith magoti. Hakupiga. Akageukia kaskazini kwa Mwalimu Nyerere, na bandari iliyokuwa wazi kwake ikawa Dar es Salaam.

Sasa itazame ramani. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na wakati huo sehemu kubwa ilikuwa udongo. Kiangazi ni vumbi la kumficha dereva asione lori lililo mbele yake, masika ni tope la kufika ekseli. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilisaidia kubeba mafuta mwanzoni, lakini ndege haiwezi kulisha nchi nzima. Kazi ikaangukia malori. Mwaka 1966 serikali zetu mbili zikaanzisha kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, wakashirikiana na Wataliano, na barabara ikajaa Fiat zenye trela. Kwenda ni mafuta, kurudi ni shaba. Magazeti ya Ulaya yakaipa njia hii jina la Jehanamu.

Baba yangu alianza kama utingo kwenye mojawapo ya malori hayo. Nataka ujue utingo alifanya nini kwenye mlima wa Kitonga, maana hili haliandikwi vitabuni. Lori likianza kupanda kutoka Mahenge, utingo alishuka na kutembea kwa miguu nyuma ya tairi za trela, amebeba gogo la mti mgumu lililochongwa upande mmoja. Macho kwenye tairi, masikio kwenye injini. Gia ikigoma, sauti ya injini hubadilika kabla gari halijaanza kurudi nyuma, na huo ndio muda wako wote: unalisukumia gogo chini ya tairi na kuruka pembeni. Ukichelewa, lori na mapipa yake vinakwenda bondeni. Dereva akipata gia tena, unalichomoa gogo na kuanza kutembea upya, kona baada ya kona, hadi juu. Baba alikuwa na kidole kimoja cha mkono wa kulia kisichokunjika, na sababu ni gogo hilo.

Kwa hiyo watu wakisema barabara hii ni zawadi ya wafadhili, mimi naumia. Mikopo ya Marekani na ya Benki ya Dunia ilileta lami, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ninaishukuru lami. Ila Zambia haikuanza kuokolewa siku lami ilipomwagwa. Iliokolewa na watu wa aina ya baba, kwenye tope, na majina yao hayapo kwenye kibao chochote kati ya Dar na Tunduma. Yangepaswa kuwepo.

Kuhusu Wachina: Nyerere na Kaunda waliomba reli Magharibi kwanza, wakaambiwa hailipi, barabara inatosha. China ikakubali. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakamilika 1975. Katikati ya yote hayo likalazwa pia bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia, likaanza kazi 1968 na kuyapunguzia malori mzigo wa mafuta. Barabara, bomba, reli: ndani ya miaka kumi tu, kwa sababu nchi mbili maskini zilikataa kufanya biashara kwa ruhusa ya Smith.

Iringa ni hadithi ya zamani zaidi. Mji uliwekwa juu pale na Wajerumani miaka ya 1890, wakati wa vita vyao na Mkwawa. Walitaka ngome, mahali pa kumwona adui akija. Lori halihitaji ngome, linahitaji mteremko wa kubebeka, ndiyo maana barabara inafuata bonde la Ruaha Mdogo, inavuka Ipogolo na kuendelea. Inayopanda mjini inakwenda Mtera na Dodoma, na hiyo ndiyo Njia Kuu ya Kaskazini ya Waingereza.

Suka wa Kasumbalesa

Mzee, heshima yako. Mimi napeleka mzigo Lubumbashi kwa barabara hii hii, na gogo bado lipo chini ya trela langu. Kitonga ya leo ina lami, lakini ugumu umehamia kwenye kushuka. Unashuka na tani nyingi mgongoni, ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Inabidi uingize gia nzito kabla ya kona ya kwanza na kuiacha injini ikuzuie. Anayetaka kubadilisha gia katikati ya mteremko anacheza na roho za watu.

Dada, ukiona matawi yamelazwa barabarani, jua mbele kuna gari bovu. Mwambie na dereva wa basi lako kama amekolea mwendo, usione aibu. Na Mikumi usisinzie: barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, na twiga utawaona bila kulipa kiingilio.

Binti wa Mlowo

Asanteni sana, nimemsomea babu yote na amenyamaza muda mrefu, kisha akaniambia yeye aliwahi kuuza ndizi kwa madereva wa Fiat. Mzee wa Ilula, swali moja la mwisho: nikiwa dirishani, nianze kuangalia wapi? Na kwa nini Makambako kumechangamka vile wakati si makao makuu ya mkoa?

Mzee wa Ilula

Muulize babu huyo kila kitu, na uandike. Usisubiri likizo ijayo.

Kutoka kwenu utapita Mbalizi, Mbeya, kisha Uyole, ambako njia ya Tukuyu na Malawi inachepuka. Igurusi na Chimala ni mchele, uko ukingoni mwa bonde la Usangu. Kisha unapanda baridi. Mafinga wazee bado tunaiita John's Corner, na misonobari ya Sao Hill itakusindikiza muda mrefu. Ilula ni kwetu, nyanya na vitunguu. Nunua vitunguu kwa kina mama wa kando ya barabara, wanavichambua vizuri na bei ni ya haki. Ukimaliza kushuka Kitonga, hewa inabadilika ghafla, joto linaingia na mibuyu inaanza: hapo ni bonde la Ruaha Mbuyuni. Baada ya Mikumi utaiona Uluguru upande wako wa kulia, Morogoro ikiwa chini yake. Chalinze magari ya Tanga, Moshi na Arusha yanaungana nanyi, na kuanzia hapo hadi Dar ni foleni na uvumilivu.

Makambako jibu lake ni jepesi. Reli ya TAZARA ikitoka Dar inaiacha barabara mapema, inapita Ifakara na Mlimba kwenye mahandaki na madaraja mengi, na inakuja kukutana na barabara hapo Makambako. Hapo hapo ndipo inapoanzia barabara ya Njombe na Songea. Mahindi na viazi vya kusini vinashukia hapo, na mzigo unaamua hapo: treni au lori, Dar au Zambia. Mji hauhitaji ofisi ya mkuu wa mkoa kama una njia panda ya namna hiyo.